Injini, Breki na Kadi: Mjadala wa Mark II ya Nakivale

Hoja iliyo mezani ni hii: mkimbizi wa makazi ya Nakivale, Uganda, mwenye shilingi milioni 12 alizozidunduliza anunue Toyota Mark II ya mwaka 1994 inayouzwa Mbarara, kisha aing'oe injini yake na kuitia kubwa zaidi yenye turbo. Hasemi Noah ya kubeba abiria, wala Probox ya kupakia matoke. Anataka gari la kulipenda.

Nimewapa nafasi wasemaji wanne. Sura zao nimezibuni. Hoja zao utazikuta ukikaa kidogo Base Camp ya Nakivale au kwenye gereji za Kakoba, Mbarara. Mnunuzi ni kijana wa Uvira, Kongo, mwenye kibanda cha simu na kutuma pesa. Dada yake mkubwa, ambaye humwita yaya kama ilivyo desturi ya Kivu, anauza vitenge. Fundi ni Mnyankole wa Mbarara. Na yupo mzee wa Bukavu aliyeendesha Peugeot na malori kwa miaka mingi, kambi nzima inamwita papa. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MNUNUZI: Watu wakisikia gari la zamani lenye nguvu wanawaza Marekani tu: Mustang, Pontiac GTO. Nimeyatazama kwenye simu mpaka macho yameniuma. Lakini GTO ya 1964 ilikuwa nini? Pontiac walichukua Tempest, gari la kawaida la familia, wakatia injini ya V8 ya lita 6.4. Basi. Sasa Mark II ni nini? Gari la mtu wa ofisini kule Japani, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, lina pua ndefu na nafasi ya kutosha injini ya silinda sita za mstari mmoja. Toyota wenyewe nyingine walizitoa kiwandani na injini ya 1JZ-GTE: lita 2.5, turbo mbili, nguvu za farasi 280. Hii ya Mbarara ina 1G ya lita 2, farasi 135. Ninachotaka kufanya kiwanda kilishakifanya.

FUNDI: Hiyo 280 ni ya kwenye karatasi, bosi. Kampuni za Japani zilikubaliana zisitangaze zaidi ya hapo, zikaendelea hivyo hadi 2004. Lakini umesema kweli, na Mustang usiiote. Usukani wake uko kushoto, na sisi Uganda tunashika kushoto mwa barabara. Ukiwa nyuma ya lori la matoke njia ya Isingiro, unataka kulipita, huoni kinachokuja mpaka gari lako lote liwe limetoka. Halafu kuna sheria. Tangu 2018 gari dogo la abiria lenye miaka 15 au zaidi haliingizwi nchini.

MZEE: Basi hata Mark II nyingine ya namna hii haiji.

FUNDI: Haiji, mzee. Zilizomo ndizo hizo hizo. Kila moja ikipinduka, imepungua moja.

Hapa niseme neno. Sheria ile ilitungwa kupunguza moshi na magari chakavu, lakini imefunga mlango wa kuingilia tu. Waliokuwa ndani wamebaki ndani. Ndiyo maana Mark II ya 1994 yenye namba ya Uganda inatembea bila kuulizwa, ilhali gari la 2008 lililoko mnadani Japani halina njia ya kufika Mbarara. Wapo wanaodhani kwa hiyo bei ya hizi za zamani itapanda tu, kama kiwanja cha mjini. Mimi sidhani. Bati linaloliwa na kutu halipandi bei kwa kuwa adimu. Linapanda likitunzwa, na kulitunza kunakula fedha kila mwezi.

YAYA: Mimi namba za injini sizijui. Ninajua hesabu ya duka. Milioni 12 ni bidhaa za mwaka mzima. Ni ada ya watoto wako, na wa kwangu wawili ambao uliahidi kuwasaidia. Tangu katikati ya 2023, WFP, wale wa msaada wa chakula, walipotugawa kwa makundi ya uhitaji, kuna majirani wanaopata kidogo na kuna wasiopata kitu. Wewe upite mbele yao na gari linalonguruma? Kesho wakija kuandika nani anahitaji msaada, mlango wa mama yetu hawataugonga. Watasema mtoto wake ana gari.

MNUNUZI: Watasema hivyo hata nikinunua Noah, yaya.

YAYA: Noah itakuwa imeleta nauli jioni. Hili litaleta nini? Na tukiitwa? Tulishafanya mahojiano ya kwenda Marekani. Mtu akiitwa anapewa siku chache. Utaliuza kwa nani, kwa bei gani? Gari lililobadilishwabadilishwa halinunui mwenye familia. Analinunua kijana kama wewe, na kijana kama wewe hana pesa.

Fundi alicheka kwa sauti, na kwa haki. Katika yote yatakayosemwa hapa, hili la mwisho ndilo lisilo na jibu. Ukiuza gari ulilolibadilisha, fedha za injini hazirudi zote, Mbarara wala Tokyo.

MNUNUZI: Tuitwe na nani? Januari 2025 Marekani walisimamisha kupokea wakimbizi. Waliokuwa wameshauza vyombo vya nyumbani wakabaki na mabegi. Mimi nimekaa Nakivale nikisema hili sinunui kwa sababu tunaondoka, lile silijengi kwa sababu tunaondoka. Nimekuwa mtu wa kukaa kwenye begi. Na tuseme ukweli, yaya, nina nini hapa kilicho changu? Kiwanja tulipewa na Ofisi ya Waziri Mkuu tukitumie, hatuwezi kukiuza. Nyumba niliyoijenga juu yake, nikiondoka, ninaiacha. Lakini gari lina kadi, na kwenye kadi kuna jina langu.

Hoja hii nimeichukulia kwa uzito kuliko zote za kijana. Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika. Vizazi vimezaliwa pale juu ya ardhi ya kutumia, siyo ya kumiliki. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi, kutembea na kumiliki mali inayohamishika, na katika mali inayohamishika ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia, gari ndilo kubwa lenye karatasi ya serikali. Ng'ombe wa Ankole ana thamani kubwa, lakini hana kadi.

Na kuna mtu ambaye kijana hakumtaja, kwa hiyo nitamtaja mimi. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, familia yake ilikimbilia Kenya. Pasaka iliyofuata, 1973, Mehta alishinda mbio za magari za Safari kwa Datsun 240Z. Alilingana pointi na dereva mwenzake Harry Källström, ushindi akapewa yeye. Akaja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Ile 240Z ilikuwa na nini? Silinda sita za mstari mmoja mbele, magurudumu ya nyuma yakisukuma, lita 2.4. Mpango ule ule wa Mark II. Najua mfano unachechemea: Mehta alitoka familia ya matajiri, na gari lilikuwa na kiwanda nyuma yake. Lakini aliyefukuzwa nchini mwake hakuambiwa na mtu angoje kwanza maisha yatulie ndipo apande gari la mbio.

MZEE: Umesema Safari, sasa niache na mimi niseme, maana madereva wa zamani tulipokezana hizo habari kama watu wa kanisa wanavyopokezana nyimbo. Mwaka 1964 Wamarekani walileta kwenye Safari magari yao ya Mercury Comet, yenye V8, timu nzima, na mafundi wao. Magari ya nguvu hasa. Mengi yaliachwa njiani. Nani alishinda? Peter Hughes, kwa Ford Cortina GT yenye injini ya lita moja na nusu. Na Mercury na Ford ni nyumba moja! Mtoto alimpita baba. Miaka mitatu iliyofuata baada ya 1965, Peugeot 404 ikashinda mfululizo, 1966, 1967, 1968. Mimi 404 nimeiendesha. Haikuwa na mbio. Ilikuwa na miguu. Unaingia shimo, inatoka shimoni na abiria bado wanaongea.

MNUNUZI: Papa, na Datsun?

MZEE: Datsun ilishinda kwa sababu haikuvunjika. Mbio ilikuwa nazo, lakini mbio kila gari lilikuwa nazo.

Kutoka Mbarara kwa barabara ya Kikagati, lami ni nzuri. Inapanda na kushuka katikati ya migomba, na hapo ndipo Mark II ya turbo ingetamba. Ukishaiacha barabara kuu kwenda Nakivale, mambo ni mengine: vumbi kiangazi, utelezi masika, mifereji iliyochimbwa na mvua ikikatiza njia, bodaboda zenye magunia mapana kuliko pikipiki yenyewe. Kwa ujumla ni kama kilomita 60. Gari lililoteremshwa chini kwa ajili ya sura litakwaruza tumbo kabla ya kuliona Ziwa Nakivale. Kwa hiyo mzee ana haki ya kuuliza kuhusu miguu.

Mjadala ukahamia uani, gari lilipo. Fundi ana sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu, ameifunga kitambaa isikwaruze rangi. Akaipitisha polepole chini ya milango, ikashika. Juu ya gurudumu la nyuma kushoto ikashika, ikashika, halafu ikadondoka majanini.

FUNDI: Hapa hakuna bati. Ni puti, wamepaka rangi juu. Kutu imekula, au waligongwa. Punguza bei.

Akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza kukitazama kwa ndani: kingekuwa na ute mweupe, maji yangekuwa yanaingia kwenye oili, na gasketi ya silinda hedi imekwisha. Kilikuwa kikavu, cheusi. Akalipiga gari jeki nyuma, akashika tairi kwa mikono miwili, juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Bushi. Mwishowe akafunua boneti na kufuta kwa kitambaa ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, ikatokea namba ya chasisi inayoanza na GX90. Yaya ndiye aliyekuwa ameshika kadi. Akasoma tarakimu moja moja kwa sauti, fundi akifuata kwa kidole. Zikalingana zote.

YAYA: Na hii nyingine iliyoandikwa hapa, namba ya injini. Ukiing'oa injini, hii itakuwaje?

Sikutarajia swali hilo litoke kwake, na nadhani kijana naye hakulitarajia.

FUNDI: Itakuwa si yake tena, nyabo. Lazima mkatoe taarifa, gari likaguliwe, waandike namba mpya na ukubwa mpya wa injini. Zamani ilikuwa kazi ya mamlaka ya mapato. Tangu 2021 usajili wa magari uko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Na ili waandike, wanataka kujua injini imetoka wapi. Ukiinunua Kampala, soko la Kisekka au popote, dai risiti yenye namba ya injini. Wengi hawadai. Wanaitia usiku, asubuhi wanaendesha.

YAYA: Basi sikiliza, mdogo wangu. Umesema gari ni zuri kwa sababu lina kadi yenye jina lako. Unanunua kadi, halafu kitu cha kwanza unachofanya unaifanya kadi iseme uongo. Mwenyeji akisimamishwa barabarani na kadi isiyolingana na injini, atapiga simu kwa mjomba wake. Wewe utampigia nani?

Kijana alinyamaza. Hapo ndipo mjadala ulipogeuka, na haukugeuzwa na petroli wala ada ya shule, ingawa vyote viwili ni vizito. Kinachofanya gari liwe mali ya mkimbizi ni karatasi. Injini isiyo na karatasi inalirudisha gari mahali pale pale kilipo kiwanja: kitu unachokitumia mpaka atokee mtu kukuuliza.

MNUNUZI: Sawa. Nitatafuta risiti. Nitalipia ukaguzi. Injini bado naitaka.

FUNDI: Na mimi nataka kuitia, usinielewe vibaya. Tena turbo hapa kwetu ina maana. Mbarara tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Injini inayovuta hewa yenyewe inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake. Hizo farasi 135 zako, hapa zimebaki kama 120. Turbo inaisukuma hewa ndani kwa nguvu, haijali sana mlima. Lakini nisikilize mpangilio. 1JZ haiingii peke yake. Inakuja na nyaya zake na kontroli boksi yake, kama huna fundi umeme anayezijua utasukuma gari mwezi mzima. Inataka giaboksi inayoihimili, hiyo R154 ya gia tano. Propela shafti inakatwa na kupimwa upya. Difu ya 1G ni ndogo, italia. Pampu ya petroli, rejeta kubwa, vyote. Na zile turbo mbili za mwanzo, gurudumu lake la upande wa moshi ni la kauri. Mtoto akiongeza presha apate sifa, linapasuka.

MNUNUZI: Jumla?

FUNDI: Jumla inaweza kufika bei ya gari lenyewe. Halafu inakunywa. Lita moja kilomita saba, ukiwa mpole. Nakivale kuja hapa na kurudi ni kilomita 120. Petroli ikiwa shilingi 5,000, umechoma 85,000 kwa kuja kunisalimia.

YAYA: Ndugu yangu, hiyo ni mifuko ya unga.

MZEE: Na breki?

FUNDI: Asante, mzee. Kila anayekuja hapa anataka injini. Hajaja hata mmoja kuniomba breki. Hizi breki zimetengenezwa kwa gari la farasi 135 jipya, nalo sasa lina miaka zaidi ya 30. Mipira ya breki imekauka. Ukiongeza nguvu mara mbili bila kugusa breki, gari hujaliongezea mbio. Umeliongezea ajali tu.

Niseme ninakosimama, kwa kuwa mwandishi anayejificha nyuma ya wasemaji wake ananiudhi. Gari anunue. Yaya ana haki juu ya ada, na kijana alipe ada kwanza, lakini siwezi kumwambia mtu wa miaka thelathini na kitu kwamba kila shilingi yake iwe ya kuokoka tu, asipende kitu mpaka atakapopewa nchi. Sharti langu ni kwamba mwaka wa kwanza asiiguse injini. Bushi, mipira na pedi za breki, matairi manne yanayofanana, rejeta isafishwe, ile sehemu ya puti ikatwe na kuchomelewa bati. Kazi hizo hazionekani kwenye picha. Ila zinabaki na thamani hata siku ya kuliuza, kwa sababu mwenye familia naye anapenda gari linalosimama, na hakuna hata moja inayogusa namba iliyoandikwa kwenye kadi. Hiyo 1JZ ije ikiwa na risiti, na ikija ikute gari linaloweza kuibeba.

Kijana hakukubaliana nami yote.

MNUNUZI: Mwaka mzima na 1G? Watanipita na Wish, papa. Watanipita na Wish iliyojaa abiria.

MZEE: Wakupite. Utawakuta wamesimama kwenye shimo la kwanza, wanatafuta jeki.

FUNDI: Mimi nasema miezi sita. Breki na bushi wiki ijayo, matairi ukipata. Ile injini nitaanza kuitafuta polepole, yenye makaratasi.

YAYA: Kadi ikishatoka kwa jina lako, inakaa kwangu. Dukani, kwenye sanduku.

MNUNUZI: Nakala ikae kwako, yaya. Yenyewe nitaihitaji kwa ukaguzi.

YAYA: Nakala ukae nayo wewe. Siku ya ukaguzi utakuja kuichukua, nitaambatana nawe.

MNUNUZI: Haya. Na ekzosi? Ekzosi haina namba kwenye kadi.

FUNDI: Ekzosi tutaizungumza, bosi.

YAYA: Hatutaizungumza.